Daraja la barabara kuu limezeeka: likarabatiwe au lijengwe upya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila daraja la zamani linapowekewa kibao cha kikomo cha uzito, linapofungwa ghafla, au linapotengewa fedha za ukarabati ambazo wengi wanahisi zingetosha kuanza daraja jipya. Yameanza na mambo ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Jambo likishaelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Daraja linatakiwa lidumu miaka mingapi?

Inategemea kiwango kilichotumika kulisanifu. Viwango vya sasa vya Marekani vinalenga miaka 75, vya Ulaya kwa kawaida miaka 100, na Uingereza imezoea kutumia 120. Lakini madaraja mengi ya barabara kuu yanayoumiza vichwa leo yalijengwa katika wimbi kubwa la kati ya miaka ya 1950 na 1970, kabla ya viwango hivyo, na yalisanifiwa kwa malori mepesi na machache kuliko yanayopita sasa.

Hata hivyo, namba hiyo ni ya daraja zima, na daraja halizeeki kwa mkupuo. Viungo vya kutanukia, yaani ile mianya inayoliruhusu kurefuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, huchakaa mapema kuliko vyote. Lami na tabaka la kuzuia maji hubadilishwa mara kadhaa. Beringi zinazokaliwa na boriti juu ya nguzo nazo hubadilishwa. Msingi uliojengwa vizuri, usiochimbwa na maji, unaweza kubaki imara baada ya kila kitu kilicho juu yake kuondolewa.

2. Basi likifikisha umri huo libomolewe?

Hapana. Brooklyn Bridge la New York lilifunguliwa mwaka 1883 na magari yanapita hadi leo. Silver Bridge, lililounganisha Ohio na West Virginia kuvuka mto Ohio, lilianguka tarehe 15 Desemba 1967 likiwa na miaka 39 tu, na watu 46 wakafa. Lilianguka kwa sababu ya ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi ndani ya kiungo kimoja cha mnyororo uliolibeba.

Umri hukueleza mambo mawili: limesanifiwa kwa kanuni zipi, na limeshabeba mizigo kwa muda gani. Basi. Kwa maoni yangu swali linalostahili kuulizwa kwanza katika kila daraja ni hili: ubovu uko kwenye sehemu gani, na je, sehemu hiyo hutoa dalili kabla ya kushindwa? Majibu mengi yaliyo hapa chini yatarudi kwenye swali hilo.

3. Matengenezo, ukarabati na kujenga upya vinatofautianaje?

Matengenezo ni kazi za kuzuia uharibifu: kuzibua matundu ya maji, kupaka rangi vyuma, kuziba nyufa ndogo, kubadilisha mpira wa viungo. Ukarabati hurudisha au kuongeza uwezo wa daraja: kumwaga sakafu mpya, kuongezea boriti nguvu, kubadilisha beringi, kujaza upya zege lililomeguka. Kujenga upya ni kuliondoa daraja lote, au angalau sehemu yake yote ya juu, na kuweka jingine.

Kati ya ukarabati na kujenga upya kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kuondoa sakafu na boriti zote, kisha kuweka mpya juu ya nguzo zilezile. Inafaa sana pale nguzo na misingi vikiwa vizima, lakini inadai uchunguzi wa misingi ufanywe mapema, kabla ya mkandarasi kuingia kazini.

4. Taarifa ikisema daraja lina "hali mbaya", maana yake linakaribia kuanguka?

Si lazima. Katika mfumo wa Marekani, mkaguzi hutoa alama kati ya 0 na 9 kwa sakafu, kwa sehemu ya juu inayobeba, na kwa sehemu ya chini yenye nguzo na misingi. Moja kati ya hizo ikipata 4 au chini yake, daraja zima linaandikwa kuwa na hali mbaya. Sakafu iliyomeguka inaweza kulitia daraja kwenye orodha hiyo ilhali boriti zake hazina tatizo lolote.

Kinyume chake ndicho kinachotisha zaidi. Alama hizo zinaeleza hali ya sehemu, hazielezi nguvu yake. Daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, lililoanguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, lilikuwa limeandikwa kwa miaka mingi kuwa na kasoro. Wachunguzi waligundua kwamba chanzo hakikuwa kasoro zilizoandikwa. Mabati ya kuunganishia vyuma kwenye maungio ya kenchi yalikuwa na unene wa takriban nusu ya uliohitajika, kosa la usanifu lililokuwepo tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1967. Mkaguzi anayetafuta kutu na nyufa hawezi kuona bati ambalo ni jembamba tangu kiwandani. Ndiyo maana ukaguzi lazima uende sambamba na hesabu, kama inavyoelezwa katika swali la 7.

## Kujua hali halisi

5. Ukaguzi hufanyika kila baada ya muda gani?

Baada ya Silver Bridge kuanguka, Marekani ilianzisha mwaka 1971 utaratibu wa taifa wa ukaguzi, na kwa madaraja mengi muda uliowekwa ni miezi 24. Nchi nyingine zina mizunguko yao, mara nyingi ukaguzi mwepesi kila mwaka au miaka miwili na ukaguzi wa karibu, wa kufikika kwa mkono, kila baada ya miaka kadhaa. Daraja lenye ubovu unaojulikana hukaguliwa mara nyingi zaidi. Lililopigwa na mafuriko, tetemeko au gari hukaguliwa papo hapo.

6. Mbona mafundi wanagonga zege kwa nyundo? Hakuna vifaa vya kisasa?

Vipo, na nyundo bado ina kazi yake. Zege zima hulia kwa sauti kavu. Lililoachana na nondo ndani hulia kama kitu chenye uwazi. Kwenye sakafu pana huburuzwa minyororo ili kusikiliza tofauti hiyohiyo.

Juu ya hapo huja vipimo vingine. Zege jipya lina hali ya ualkali inayozuia nondo kupata kutu. Hewa ya kaboni dioksidi ikipenya polepole kutoka nje, ulinzi huo hupotea. Hupimwa kwa kupulizia dawa ya fenolfthaleini kwenye zege lililovunjwa, na penye ualkali panageuka waridi iliyokolea. Chumvi, iwe ya bahari au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, hupimwa kwa kutoboa na kuchukua unga wa kila kina. Umeme mdogo kwenye nondo hupimwa kutoka juu: kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, usomaji ulio chini ya milivolti −350 huchukuliwa kuwa ishara kubwa kwamba kutu inaendelea. Rada na mawimbi ya sauti hutafuta mashimo na nyufa za ndani.

Umuhimu wa vipimo hivi katika uamuzi ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi, ndipo zege linapopasuka na kumeguka. Unapoliona limemeguka, kazi ya chini kwa chini ilishafanyika miaka mingi. Ukiziba palipomeguka bila kujua chumvi imefika wapi, kiraka chako kitakuwa kizima na zege linalokizunguka litaanza kumeguka baada ya miaka michache. Nimeona viraka juu ya viraka kwenye sakafu moja, na kila kimoja kiliwahi kuitwa ukarabati.

7. Nguvu iliyobaki inajulikanaje?

Kwa hesabu ya uwezo wa kubeba. Mhandisi huchukua uwezo wa kila sehemu kwa vipimo vya sasa, si vya kwenye michoro ya zamani, anatoa uzito wa daraja lenyewe, kisha anagawa kinachobaki kwa uzito wa magari pamoja na mtikisiko wao. Jibu likiwa 1 au zaidi, sehemu inamudu lori lililotumika kwenye hesabu. Likiwa chini ya 1, ama mzigo upunguzwe, ama sehemu iongezewe nguvu, ama njia ifungwe.

Hesabu inayotumia unene wa chuma ulioandikwa kwenye michoro huku chuma chenyewe kimeliwa na kutu ni hatari, kwa sababu inatoa namba safi yenye uongo ndani. Na kila tabaka jipya la lami au zege linaloongezwa juu ya sakafu linakula sehemu ya uwezo uliobaki. I-35W lilikuwa limeongezewa uzito wa namna hiyo, na siku lilipoanguka kulikuwa na shehena ya vifaa vya ujenzi iliyorundikwa juu yake kwa ajili ya kazi ya sakafu. Ukarabati wenyewe ni mzigo, nao lazima uhesabiwe.

8. Kila ufa ni hatari?

La. Zege lenye nondo hupasuka kidogo kwa kawaida. Nyufa nyembamba kama unywele chini ya boriti, katikati ya nguzo mbili, mara nyingi zilitarajiwa tangu mwanzo. Zinazotia wasiwasi ni nyufa za mshazari karibu na nguzo, nyufa zinazofuata mstari wa nondo huku zikitoa madoa ya kutu, na nyufa zinazopanuka kati ya ukaguzi na ukaguzi.

Kwenye chuma hali ni tofauti. Ufa katika chuma kinachovutwa hautulii. Kila lori linausogeza mbele. Uchovu huo wa chuma hukua takriban kwa mchemraba wa mkazo, yaani mkazo ukiongezeka mara 2, uharibifu wa kila mpito unaongezeka mara 8. Ndiyo maana lori moja lililozidisha uzito lina madhara yasiyolingana kabisa na uzito lililozidisha, na ndiyo maana mizani ya barabarani ni sehemu ya kutunza madaraja.

9. Ni nini hasa huangusha madaraja?

Wengi hutaja kutu au uzee. Nchini Marekani, chanzo kikuu cha madaraja kuanguka kimekuwa maji kuchimba mchanga na udongo ulioshikilia misingi. Daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York lilianguka kwa mafuriko tarehe 5 Aprili 1987, watu 10 wakafa. Ureno, daraja la Hintze Ribeiro lilipoteza nguzo usiku wa tarehe 4 Machi 2001, watu 59 wakafa. Uchimbaji wa mchanga mtoni ulikuwa umeshusha kitako cha mto kwa miaka.

Kwa uamuzi wa kukarabati au kujenga upya, somo ni kwamba uzuri wa sehemu ya juu hausemi chochote kuhusu chini. Kabla ya kutumia fedha kwenye sakafu, tuma wapiga mbizi au vipimo vya sauti majini. Msingi wa kina kifupi katika mto unaohamahama ni sababu nzito ya kujenga upya, hata kama kila kinachoonekana kwa macho kinapendeza.

## Kufanya uamuzi

10. Ni wakati gani ukarabati unatosha?

Pale ubovu unapokuwa kwenye sehemu inayofikika na inayoweza kuondolewa, misingi ni mizima, na daraja lingali linaendana na njia yake kwa upana na kimo. Sakafu ndiyo mfano wa kawaida: huchakaa kwanza, hubadilishwa, na boriti huendelea. Boriti za chuma zenye kutu mwishoni, chini ya viungo vinavyovuja, hukatwa na kuungwa chuma kipya. Boriti za zege huongezewa nguvu kwa mikanda ya nyuzi za kaboni au nyaya za nje. Penye chumvi nyingi, mkondo mdogo wa umeme unaweza kutumika kusimamisha kutu, alimradi kuna mtu wa kuusimamia mwaka hadi mwaka.

Hata ubovu unaoogopesha unaweza kurekebishika. Tarehe 11 Mei 2021, daraja la Hernando de Soto kwenye mto Mississippi, Memphis, lilifungwa baada ya kuonekana ufa mkubwa katika boriti inayofunga upinde wake. Lilifunguliwa tena kikamilifu mwezi Agosti mwaka huohuo baada ya kuwekewa mabati ya chuma kipya. Ubovu ulikuwa mahali pamoja, unajulikana, na unafikika.

11. Na wakati gani kukarabati ni kupoteza fedha?

Ubovu unapokuwa umeenea kwenye sehemu zisizofikika. Unapojirudia baada ya kila ukarabati. Misingi inapochimbwa. Daraja linapokuwa halina uwezo wa malori ya leo hata likiwa jipya kabisa, kwa hiyo kulirudisha katika hali yake ya mwanzo ni kurudisha udhaifu. Na pale linapobana barabara: halina bega la kusimamisha gari lililoharibika, kimo chake ni kifupi na linagongwa mara kwa mara, au barabara imepangwa kupanuliwa baada ya miaka michache. Kutumia fedha nyingi kwenye daraja la njia mbili litakalovunjwa ili njia nne zipite ni kosa la mipango, si la uhandisi.

12. Gharama zinalinganishwaje?

Kwa kuleta gharama zote za miaka ijayo kwenye thamani ya leo. Tuchukue mfano wa kubuni. Daraja jipya ni vipande 100 vya fedha. Ukarabati ni vipande 30, na unaliongezea daraja miaka 15, kisha jipya litajengwa vilevile.

Kwa kiwango cha punguzo (yaani kiasi ambacho thamani ya fedha hupunguzwa kwa kila mwaka wa kusubiri) cha asilimia 4, vipande 100 vya miaka 15 ijayo ni sawa na 55.5 leo. Ukijumlisha 30 unapata 85.5, kwa hiyo ukarabati unashinda. Shusha kiwango hadi asilimia 2, na vile 100 vinakuwa 74.3, jumla 104.3, na kujenga sasa kunashinda. Rudi kwenye asilimia 4 lakini ukarabati udumu miaka 8 badala ya 15: 73.1 na 30 ni 103.1, ukarabati umeshindwa tena.

Tazama kinachoamua hapo. Bei ya ukarabati haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kiwango cha punguzo na miaka ambayo ukarabati utadumu. Hiyo miaka ndiyo namba inayokisiwa kwa matumaini makubwa kuliko zote. Ukiletewa mapendekezo, uliza kwanza: miaka hii 15 imetoka wapi, na kipimo gani cha chumvi, kutu au uchovu wa chuma kinaiunga mkono?

Mfano huu umeacha mambo mawili. Moja, aliyechelewa kujenga atabaki na daraja lenye umri mdogo mwishoni, jambo linaloupa ukarabati alama kidogo. Pili, daraja la zamani hudai ukaguzi na matengenezo mengi zaidi, jambo linaloupunguzia.

13. Muda wa watu barabarani unahesabiwa?

Unapaswa, na kwenye barabara kuu yenye magari mengi mara nyingi ndio unaozidi gharama ya zege na chuma. Mchepuko mrefu kwa maelfu ya magari, kila siku kwa miezi, ni mafuta, saa za kazi, ajali kwenye vijia visivyojengwa kwa malori, na magari ya wagonjwa yanayochelewa. Ndiyo maana wakati mwingine njia ya bei ya juu, kama kujenga sehemu ya juu pembeni kisha kuisukuma mahali pake kwa siku chache, huwa nafuu kwa jumla. Ukarabati mdogo mara tano, wenye kufunga njia mara tano, unaweza kuwagharimu watu zaidi ya ujenzi mmoja.

14. Kuna kanuni rahisi ya asilimia, kwamba ukarabati ukizidi nusu ya bei ya daraja jipya ujenge upya?

Baadhi ya taasisi hutumia vipimo vya namna hiyo kuchuja orodha ndefu. Kwa kuchuja, sawa. Kwa kuamua, hapana: mfano wa swali la 12 unaonyesha ukarabati wa asilimia 30 ukishinda na kushindwa kwa bei ileile.

15. Kwa nini wasiweke tu kikomo cha uzito na kusubiri?

Kikomo ni hatua halali ya muda, kikiwekwa kwa hesabu sahihi na kikasimamiwa. Kisiposimamiwa ni kibao tu. Lori zito linapita usiku na daraja halijui kusoma. Kwenye barabara kuu kina gharama nyingine: malori yanahamia kwenye madaraja madogo ya jirani, ambayo nayo huanza kuchakaa.

Daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh lilikuwa na kikomo cha uzito, na lilikuwa limeandikwa kuwa na hali mbaya tangu 2011. Lilianguka asubuhi ya tarehe 28 Januari 2022. Wachunguzi walikuta kwamba matundu ya maji yaliziba, maji na takataka zikakaa kwenye miguu ya chuma, na kutu ikaila. Ripoti za ukaguzi zilikuwa zimependekeza usafi na marekebisho kwa miaka bila kutekelezwa. Hesabu ya uwezo nayo ilikuwa na makosa: ikifanywa sawasawa, daraja lingetakiwa kufungwa. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Nalirudia sana daraja hili kwa sababu hakuna siri hata moja ndani yake. Kila kitu kiliandikwa, na koleo na ufagio vingesaidia mapema.

## Hali ngumu

16. Nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege zina tatizo gani?

Madaraja mengi ya tangu miaka ya 1950 hubebwa na nyaya zilizokazwa ndani ya mirija, kisha mirija hiyo hujazwa uji wa saruji. Uji usipojaa vizuri, maji huingia, na waya uliokazwa hukatika bila zege la nje kuonyesha dalili ya maana. Daraja dogo la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka hivyo mwaka 1985, na mwaka 1992 Uingereza ikasimamisha kwa muda ujenzi wa madaraja mapya ya aina hiyo hadi kanuni ziboreshwe.

Genoa, Italia, ndiyo kumbukumbu nzito zaidi. Katika daraja la Morandi, lililofunguliwa mwaka 1967, vyuma vya kuning'inizia vilifunikwa na zege. Katika miaka ya 1990 vya mnara mmoja viliongezewa nyaya za nje baada ya kukutwa vimeharibika. Mnara ulioanguka tarehe 14 Agosti 2018, ukiua watu 43, haukuwahi kuongezewa. Mjini Dresden, Ujerumani, sehemu ya daraja la Carola ilianguka Septemba 2024, na mipasuko ndani ya chuma kilichokazwa ikaonekana kuwa chanzo. Sehemu mbili za daraja hilo zilikuwa zimekarabatiwa. Iliyoanguka ilikuwa ikisubiri zamu yake.

Kwa daraja la namna hii msimamo wangu ni mkali: kama haliwezi kufunguliwa na kuchunguzwa ndani, na hesabu inaonyesha halitatoa nyufa kabla ya kuvunjika, lisihesabiwe kuwa zima kwa sababu tu nje ni safi. Liongezewe nyaya za nje, liwekewe vifaa vya kusikiliza waya ukikatika, au lipewe tarehe ya kubomolewa.

17. Daraja likiwa na boriti mbili tu, linabadilisha uamuzi?

Ndiyo. Daraja lenye boriti sita likipoteza moja, mzigo huhamia kwa jirani na sakafu huinama, watu wanaona. Lenye boriti mbili, au linaloning'inia kwenye pini, halina pa kuhamishia. Mwaka 1983 sehemu ya daraja la mto Mianus, Connecticut, lilianguka baada ya kiungo cha pini na kining'inio kuachia kwa kutu. Watu 3 wakafa. Si kila daraja la aina hii livunjwe: mengine huongezewa chuma cha akiba kinachoshika pini ikikatika, kazi ndogo ukilinganisha na hatari. Lakini ubovu wa alama ileile una uzito mkubwa zaidi hapa kuliko kwenye daraja la boriti sita.

18. Lori limegonga daraja na kuvunja sehemu. Lote lijengwe upya?

Kawaida ni sehemu iliyogongwa. Mwaka 2013 lori lenye shehena iliyozidi kimo liligonga kenchi za daraja la mto Skagit, jimbo la Washington, na kipande kizima kikaanguka mtoni. Kipande hicho peke yake kilibadilishwa ndani ya miezi michache. Walakini daraja linalogongwa tena na tena linakuambia kimo chake hakifai (swali la 11).

19. Daraja jipya likijengwa ubavuni, la zamani lifanywe nini?

Si lazima livunjwe. Nchini Scotland, nyaya kuu za Forth Road Bridge la mwaka 1964 zilikutwa na kutu mwaka 2004, na haikujulikana kama kukausha hewa ndani ya nyaya kungefaulu. Ikaamuliwa lijengwe jingine, Queensferry Crossing, lililofunguliwa 2017. Kukausha hewa kulifanikiwa kupunguza kasi ya kutu, na la zamani leo linabeba mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu. Kulipunguzia mzigo kumeliongezea maisha. Njia hii huwafaa pia wenye madaraja ya kihistoria, mradi mtu fulani abaki na bajeti ya kulitunza. Daraja la zamani lisilo na mwenyewe huzeeka haraka kuliko lenye magari.

20. Uamuzi ukicheleweshwa, hasara yake ni nini hasa?

Unapoteza nafasi ya kuchagua. Daraja la Rahmede kwenye barabara kuu ya A45 Ujerumani lilipitisha zaidi ya magari 60,000 kwa siku. Lilifungwa ghafla Desemba 2021 baada ya sahani za chuma kukutwa zimejipinda, na likalipuliwa Mei 2023 bila kufunguliwa tena. Malori ya eneo zima la viwanda yakamwagika kwenye barabara za mji wa Lüdenscheid kwa miaka. Kubomoa kulikuwa kunatarajiwa tangu zamani. Kilichokosekana ni daraja jingine kuwa tayari kabla la kwanza halijachoka.

Kutafuta ardhi, usanifu, vibali na zabuni vya daraja kubwa huchukua miaka. Kwa hiyo uamuzi wa kukarabati ukifanyika leo, siku hiyohiyo iandikwe tarehe ambayo usanifu wa daraja jipya utaanza, ikihesabiwa kurudi nyuma kutoka mwisho wa ile miaka ya ukarabati.

21. Vihisi vya elektroniki vinaweza kuchukua nafasi ya wakaguzi?

Vinasaidia pale unapojua unatafuta nini: waya unaokatika, ufa unaokua, nguzo inayoinama, mto unaochimba. Havigundui tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria, na anayepokea taarifa lazima awe na mamlaka ya kufunga barabara usiku huohuo.

22. Mtu wa kawaida anaweza kuona nini, na ataripoti vipi?

Mengi. Maji yanayodimbwika sakafuni baada ya mvua. Mti au majani yaliyoota kwenye kiungo. Madoa ya kutu yanayoshuka kwenye zege. Vipande vya zege chini ya daraja. Nondo zilizo wazi. Reli iliyokuwa imenyooka na sasa ina tumbo. Mlio mpya wa chuma lori likipita. Nguzo ambayo msingi wake ulikuwa umefunikwa na sasa unaonekana juu ya maji.

Unaporipoti kwa mamlaka ya barabara, taja jina la daraja au alama ya kilomita, upande wa barabara, nguzo ya ngapi kutoka mwanzo, na tarehe. Piga picha moja ya karibu yenye kitu cha kulinganisha ukubwa na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali, ukiwa nje ya njia ya magari. Hifadhi nakala. Baada ya miezi sita piga tena kutoka palepale. Picha mbili za ufa uleule kwa tarehe tofauti humwambia mhandisi jambo ambalo picha moja haiwezi.